Tairi Linasimulia: Mwaka wa Kuanza wa Nane

Sogeeni, wapwa zangu. Aliyelala mkeka mzima akunje miguu, wenzake wapate pa kukaa. Leo mjomba atasema kidogo tu. Leo anayesimulia ni tairi.

"Mjomba, tairi linasema?"

Linasema, tena lina maneno mengi. Nyinyi wenyewe mnalijua. Mnalisukuma kwa kijiti kando ya barabara ya Kavimvira, mnapita mbele ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Gatumba, mnapiga kelele mpaka madereva wanawacheka. Mlidhani tairi halioni kitu? Tairi linaijua barabara kuliko dereva. Dereva anaitazama. Tairi linaigusa.

Basi tulieni. Tairi linakohoa. Linaanza.

"Mimi ni tairi la mbio. Kampuni iliyonitengeneza ni ya Wajapani, inaitwa Bridgestone. Msinichanganye na tairi la lori la mchanga, nitanuna. Lile lina meno. Mimi sina meno, sina mifereji, uso wangu ni laini pande zote. Mwaka 2005 ndugu zangu waliokimbia mashindano ya hadithi hii walikuwa na mifereji. Mwaka 2006 mifereji ikaondolewa, ndipo nikazaliwa mimi."

"Sasa wewe tairi, bila mifereji si utateleza?"

Mmelisikia swali hilo? Mtoto aliyeuliza hivyo leo aongezewe ndagala kwenye sahani. Kuna watu wazima wanaoendesha gari tangu ujana na hawajawahi kujiuliza. Haya, tairi, mjibu mtoto.

"Barabara ikiwa kavu, mpira wangu wote unaigusa lami. Hakuna sehemu inayokaa bure. Ninaishika lami, ninaing'ang'ania. Lakini mvua ikinyesha, maji yananiingia chini na hayana pa kutokea. Yananinyanyua. Hapo mimi si kitu tena. Inabidi nitolewe, awekwe ndugu yangu mwenye mifereji, maji yapite ndani ya mifereji yake. Likumbukeni hilo hadi mwisho wa hadithi. Tairi la kavu na mvua, hawapatani."

Tairi la kavu na mvua, hawapatani. Semeni wote. Vizuri.

"Na gari lenyewe likoje, mjomba?"

Ni gari la mtu mmoja. Halina mlango wala paa. Dereva anaingia kwa juu, anajibana humo ndani, kichwa tu ndicho kinachobaki nje. Mbele kuna bawa, nyuma kuna bawa. Bawa la ndege huinua. Bawa la gari hili limegeuzwa, linakandamiza gari chini ili lisiruke kwenye kona. Na magurudumu yote manne yako nje, wazi, hayafunikwi na bati lolote. Ndiyo maana tairi letu limeona mengi.

"Naona kila kitu," linasema tairi. "Naona kofia ya dereva wangu. Naona tairi la jirani linavyonisogelea. Hilo naliogopa. Matairi mawili yakigusana huku yanazunguka, moja linampanda mwenzake, na gari zima linarushwa juu. Kwa hiyo dereva wa gari la aina hii lazima ajue mwili wa gari lake unaishia wapi, asipotee hata kwa upana wa kiganja. Asiyejua hilo hadumu."

Sasa mjomba aingie kidogo, maana tairi halikusoma historia.

Juu kabisa kuna Formula 1. Hiyo mmeisikia, wengine mmeiona kwenye televisheni pale mjini. Lakini mtu haingii Formula 1 akitokea nyumbani. Kuna ngazi. Mtoto anaanza na kigari kidogo kinachoitwa kati, kiko chini kabisa, karibu makalio yaguse lami. Akikua anapanda gari kubwa zaidi, halafu kubwa zaidi. Ngazi ya mwisho kabla ya Formula 1, mwaka ule wa 2006, iliitwa GP2. Ilianza mwaka 2005. Tangu mwaka 2017 inaitwa Formula 2. Jina limebadilika, kazi ni ileile: kuwachuja vijana.

Mwaka ule wa 2006, kwenye mstari wa kuanza walikuwa vijana 26. Timu 13, kila timu magari mawili. Na magari yote yalikuwa sawa! Bodi ilitengenezwa na Dallara wa Italia. Injini ilikuwa ya Renault, silinda nane, lita nne. Matairi ndiyo hawa akina Bridgestone. Kwenye njia iliyonyooka gari lilipita kilomita 300 kwa saa.

"Kwa nini yote yawe sawa, mjomba? Si mwenye pesa anunue zuri zaidi?"

Ndivyo ilivyokuwa Formula 1 wakati ule, mwenye pesa alitengeneza zuri zaidi. Lakini hapa watu walitaka kumjua kijana, si gari. Ukimpa mmoja gari zuri na mwingine gari bovu, akishinda wa kwanza utamsifu nani? Utasifu mafundi. Kwa hiyo waliwapa wote gari moja. Halafu karibu mbio zote wakaziweka palepale Formula 1 inapokimbia, wikiendi ileile, ili wakubwa wa timu waweze kuchungulia. Wakubwa wale hawaonyeshi kama wanatazama. Wanatazama.

Miongoni mwa wale 26 walikuwepo wawili.

Wa kwanza aliitwa Lewis Hamilton. Mwingereza, mtoto mweusi. Babu na bibi yake upande wa baba walitoka kisiwa cha Grenada, huko Karibi. Baba yake, Anthony, alifanya kazi zaidi ya moja ili mtoto apate pesa za kukimbia na kati. Lewis alianza akiwa na miaka minane. Akiwa na miaka kumi alimwendea bosi wa timu ya McLaren kwenye sherehe, akamwambia: siku moja nitaendesha magari yako. Mtoto wa miaka kumi! Bosi yule, Ron Dennis, akamwandikia kwenye daftari ampigie simu baada ya miaka tisa. Haikufika tisa. Alipokuwa na miaka 13, McLaren wenyewe walimtafuta.

Wa pili aliitwa Nelson Piquet Junior, wa Brazili. Baba yake alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara tatu. Baba yake alianzisha timu kwa ajili yake. Hapa msikunje uso mkasema ni mtoto wa tajiri tu. Alikuwa na mbio kwelikweli, mtaona.

Mwaka 2006 Hamilton alikuwa na miaka 21. Piquet alitimiza miaka hiyohiyo 21 mwezi wa saba. Hamilton aliingia timu ya Wafaransa iitwayo ART. Mwenye kuiongoza aliitwa Frédéric Vasseur. Liwekeni jina hilo pembeni.

Sasa nifungulieni masikio, maana nafika mahali ninapopapenda.

Wikiendi moja ilikuwa na mbio mbili. Jumamosi mbio ndefu, kama kilomita 180. Jumapili mbio fupi, kama kilomita 120. Kilomita 120 ni karibu sawa na kutoka hapa kwetu kwenda Bukavu. Wao walimaliza chini ya saa moja. Nyinyi mkipanda lori kwa njia ya Ngomo mnajua wenyewe mnafika saa ngapi, na mgongo uko vipi.

Jumamosi nani anaanza mbele? Aliyekuwa na mbio zaidi Ijumaa kwenye majaribio. Sawa. Hiyo ni haki, hakuna atakayelalamika.

Na Jumapili nani anaanza mbele?

"Aliyeshinda Jumamosi!"

Hapana.

"Aliyeshinda Jumamosi, mjomba!"

Hapana, nasema. Aliyeshinda Jumamosi anaanza wa nane.

"Wa nane? Amekosa nini?"

Hajakosa kitu. Sikilizeni. Mnazijua bidoni za maji pale bombani asubuhi. Bidoni nane zimepangwa. Ya kwanza ni ya yule aliyeamka usiku. Ya nane ni ya yule aliyelala sana. Sasa fikirini anakuja mzee, anasema: leo tunageuza mstari. Ya nane inakuja bombani, ya saba inafuata, ya sita inafuata, na ile ya kwanza inakwenda nafasi ya nane. Kuanzia ya tisa kwenda nyuma, hakuna anayeguswa. Ndivyo walivyofanya Jumapili. Nane wa mbele waligeuzwa.

Tofauti ni moja tu. Bombani ukimpita mwenzako utasikia maneno ya mama zetu, na utakimbia bila maji. Kwenye mbio, kumpita mwenzako ndiyo kazi yenyewe.

"Lakini kwa nini wafanye hivyo? Ni uonevu."

Nami nilidhani hivyo kwa muda. Halafu nikaelewa, na sasa nasema ni sheria yenye akili kuliko zote za mwaka ule. Kijana akianza wa kwanza na kumaliza wa kwanza, umeona nini? Umeona kwamba ana mbio. Hujaona kama ana ujasiri, hujaona kama ana subira, hujaona kama anajua kona ipi inafaa na ipi haifai. Mrudishe wa nane, na wale saba mbele yake wana magari sawa na lake. Sasa tumtazame.

Tairi linataka kusema. Sema, tairi.

"Hakuna kazi ngumu kama kukaa nyuma ya gari lingine. Gari la mbele linaivuruga hewa. Hewa ikivurugika, bawa langu halikandamizi vizuri. Bawa lisipokandamiza, nami siishiki lami vizuri. Ninateleza, ninapata moto, ninachakaa. Magari yetu yalichongwa njia za hewa chini ya tumbo ili tuweze kumfuata mwenzetu kwa karibu zaidi, lakini bado ilikuwa taabu. Dereva mjinga ananimaliza kabla ya nusu ya mbio. Dereva mwenye akili ananitunza, anangoja, anangoja, halafu siku moja ananiambia: twende."

Twende. Basi na mwaka uanze.

Mashindano yalikuwa sehemu kumi na moja, mbio 21. Yalianza Valencia, Hispania, mwezi wa nne. Mbio ya kwanza alishinda Piquet. Sehemu ya pili, Imola huko Italia, Hamilton alifanya kosa la kitoto. Kukitokea ajali, gari la usalama linaingia barabarani, na wote wanajipanga nyuma yake polepole. Hamilton akalipita. Akafukuzwa kwenye mbio ile. Pointi sifuri.

"Mimi nilikuwepo," linasema tairi. "Au tuseme alikuwepo ndugu yangu. Sisi hatuishi siku nyingi, tunachakaa na kutupwa. Lakini tairi la zamani humsimulia tairi jipya, kwa hiyo tunayajua yote."

Kama wazee wa kwetu. Endelea.

"Tukaenda Nürburgring, Ujerumani. Jumamosi dereva wangu akapita kwa kasi mno kwenye njia ya gereji, mahali pa mwendo mdogo. Wakamwadhibu, arudi kupita humo tena huku wenzake wanakimbia. Tairi likazunguka, tairi likazunguka. Akashinda hivyohivyo. Jumapili akawekwa wa nane. Tairi likazunguka, tairi likazunguka. Akashinda tena."

"Kutoka wa nane?"

"Kutoka wa nane, mwanangu. Halafu Monaco. Kule ni barabara za mjini, nyembamba, kuta huku na kuta huku, na bahari iko palepale. Kule kumpita mtu karibu hakuwezekani, na mwaka ule walikimbia mbio moja tu. Dereva wangu akaanza mbele, akabaki mbele, akashinda."

Sasa Silverstone. Wapwa zangu, Silverstone ni nyumbani kwao, Uingereza. Mwezi wa sita 2006. Jumamosi Hamilton akashinda. Jumapili mnajua anaanza wapi.

"Wa nane!"

Wa nane. Kule Silverstone kuna kona zinafuatana, kushoto, kulia, kushoto, kulia, zinaitwa Becketts. Magari yale hupita pale karibu kilomita 240 kwa saa. Hakuna mtu anayempita mwenzake Becketts. Si kwamba imekatazwa. Ni kwamba mtu mwenye akili timamu hajaribu. Mbele ya Hamilton walikuwa wawili: Piquet, na mwingine aitwaye Clivio Piccione, wanagombana wao kwa wao. Wakaingia wakiwa bega kwa bega. Na Hamilton akaingia nao. Magari matatu, mahali pa gari moja. Magurudumu kumi na mawili yako wazi, hayana bati, na mnakumbuka tairi lilisema nini juu ya matairi mawili kugusana.

Tairi, ulikuwa unafanya nini wakati ule?

"Nilikuwa nimefumba macho."

Hata mimi ningefumba. Walipotoka Becketts, Hamilton alikuwa mbele ya wote wawili. Na mbio akaishinda. Watu wanaopenda mashindano haya bado wanaitafuta picha ya sekunde zile chache hadi leo, na mimi nawaunga mkono. Nimeona ushindi mwingi wa gari lililoanza mbele likamaliza mbele. Ukiniuliza mwezi mmoja baadaye, nimeusahau. Ule wa Becketts siusahau.

"Basi akawa bingwa?"

Bado! Mnakimbilia wapi? Mwaka ni mrefu. Pointi zinahesabiwa kidogokidogo. Mshindi wa Jumamosi anapata 10, wa pili 8, wa tatu 6, halafu 5, 4, 3, 2, na wa nane 1. Jumapili mshindi anapata 6, halafu 5, 4, 3, 2, 1. Aliyeongoza majaribio ya Ijumaa anapata 2. Aliyekimbia mzunguko mmoja kwa kasi kuliko wote katika mbio anapata 1. Hiyo moja mnaiona ndogo? Msiidharau. Inatungoja.

Mwezi wa saba tukafika Hockenheim, Ujerumani. Jumapili ile ya mbio fupi ilikuwa tarehe 30 Julai 2006. Waulizeni wazazi wenu walikuwa wapi siku hiyo. Watawaambia walikuwa wamepanga mstari kupiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi, Kongo nzima, kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya arobaini. Hapa hakuna aliyejua habari za Hockenheim. Na wala simlaumu mtu, siku hiyo tulikuwa na mbio yetu.

Wiki iliyofuata, Budapest, Hungaria. Pale Piquet alifanya jambo. Aliongoza majaribio: pointi 2. Alishinda Jumamosi: pointi 10. Mzunguko wa kasi Jumamosi: pointi 1. Jumapili akaanza wa nane, akashinda: pointi 6. Mzunguko wa kasi Jumapili: pointi 1. Jumlisheni kwa vidole.

"Ishirini!"

Ishirini. Ndizo zote. Hakuna pointi iliyobaki mezani kwa mtu mwingine. Niliwaambia ana mbio kwelikweli. Pengo lake na Hamilton likapungua, na watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu mtoto wa bingwa atachukua kombe.

Wakaenda Istanbul, Uturuki. Jumapili, mbio fupi. Hamilton anapigania nafasi, gari likamponyoka, likazunguka kama pia. Magari mengine yakapita, moja, mawili, matano, kumi. Alipogeuka tena kutazama mbele alikuwa wa 18.

"Wa 18! Imekwisha."

Ungekuwa wewe ungesema imekwisha. Mbio fupi, magari sawa, hewa mbaya, matairi yameshapigwa. Tairi, sema wewe.

"Tairi likazunguka, tairi likazunguka. Akampita mmoja kwenye kona ya kulia. Akampita mwingine kwenye breki. Kwenye breki ndiko mimi nafanya kazi kubwa: yeye alichelewa kukanyaga kuliko wenzake, na mimi nilipaswa kuishika lami nisiteleze. Wa 15. Wa 12. Wa tisa. Tairi likazunguka, tairi likazunguka. Wa sita. Wa nne. Kona za mwisho za mzunguko wa mwisho, akampita aliyekuwa wa pili. Wa pili! Angepewa mizunguko zaidi, sijui."

Hakushinda, mmesikia. Kitabu cha matokeo kinasema wa pili, pointi 5. Lakini kama mimi ningekuwa mkubwa wa timu ya Formula 1, nimekaa pale na kahawa yangu, ningekiweka kikombe chini.

Mwisho ulikuwa Monza, Italia. Jumamosi tarehe 9 Septemba 2006, mbio ya 20 kati ya 21. Mahesabu yalikuwa yamebana. Mbio ikaisha, na Hamilton alikuwa amepungukiwa na pointi moja tu ili awe bingwa.

"Moja?"

Moja. Mzunguko wa kasi ulikuwa wa Giorgio Pantano, Mwitaliano, yuko nyumbani. Waamuzi wakakaa, wakatazama karatasi zao, wakasema mzunguko wa Pantano hauhesabiwi. Basi wa kasi baada yake ni nani? Hamilton. Pointi ile moja ikahama. Kijana akawa bingwa akiwa ameshashuka kwenye gari, bila kumpita mtu. Baada ya yote yale ya Becketts na Istanbul! Mimi nilicheka. Mashindano haya hayachagui mwisho mzuri kwa ajili ya wasimulizi.

Hesabu ya mwaka: Hamilton 114, Piquet 88, na wa tatu Alexandre Prémat, mwenzake Hamilton katika timu ya ART, 66.

"Mjomba, na wasichana?"

Wasichana ngazi ile ilichelewa kuwafungulia. Tatiana Calderón wa Kolombia alikimbia Formula 2 mwaka 2019. Mwaka 2023 yakaanzishwa mashindano ya wasichana peke yao, yanaitwa F1 Academy, magari yenye magurudumu wazi vilevile. Wewe uliyeuliza, usiache kuuliza.

"Na Afrika? Wanakuja lini?"

Formula 1 ilikimbia Afrika kwa mara ya mwisho mwaka 1993, Kyalami, Afrika Kusini. Hamilton mwenyewe amesema mara nyingi kwamba anataka kukimbia Afrika kabla hajastaafu. Wakubwa wanazungumza. Wakubwa hupenda kuzungumza.

Na yule Vasseur niliyewaambia mweke pembeni? Leo ni mkuu wa timu ya Ferrari. Mwaka 2025 Hamilton akahamia kwake, miaka 19 baada ya ule mwaka wa GP2. Watu hawa wanakutana tena na tena.

Lakini kuna mmoja sijamtaja, naye tairi linamngoja kwa hamu. Katika wale 26 wa mwaka 2006 alikuwepo Mjerumani, Timo Glock. Mwaka uliofuata, 2007, Glock akachukua ubingwa wa GP2. Hamilton alikuwa ameshapanda Formula 1, kwenye gari la McLaren, kama alivyomwambia yule bosi akiwa na miaka kumi. Mwaka ule wa kwanza aliukosa ubingwa wa dunia kwa pointi moja: Kimi Räikkönen 110, yeye 109.

"Moja tena!"

Moja tena. Mwaka 2008 Hamilton na Glock wote wako Formula 1. Mbio ya mwisho, São Paulo, Brazili. Hamilton anahitaji kumaliza wa tano ili awe bingwa wa dunia. Dakika za mwisho mvua ikaanza. Karibu wote wakaingia gereji kubadilisha matairi. Glock hakuingia. Alibaki na matairi ya kavu, akawa mbele ya Hamilton. Mzunguko wa mwisho, Hamilton wa sita. Mshindani wake, Felipe Massa, ameshavuka mstari, ameshinda mbio, na ndugu zake kule gereji wanakumbatiana wakidhani mtoto wao ni bingwa.

Tairi, tuambie.

"Tairi la kavu na mvua, hawapatani."

Semeni wote.

"Tairi la kavu na mvua, hawapatani!"

Gari la Glock lilikuwa linateleza, linakwenda kama mtu anayepita kwenye tope na viatu vya ngozi mkononi. Kona ya mwisho ya mbio ya mwisho ya mwaka, Hamilton akampita. Wa tano. Pointi 98 kwa 97.

"Mjomba, Glock alimwachia?"

Wapo waliosema hivyo, wakamtukana yule kijana. Hakumwachia. Muulizeni tairi.